Anafunga kwa Ajili Yangu, Nami Siumwi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa maana nimejiingiza mahali ambapo sijui nitatokaje.

Mimi ni Mmeru, nakaa Brooklyn Center, huku Amerika, nafanya kazi ya kutunza wazee kule Hopkins. Mwili ulikuwa umenishinda, magoti yanauma, presha iko juu, nikipanda ngazi za nyumbani napumzika katikati, na kliniki sikuwa napata nafasi ya kwenda kwa sababu ya shifti na theluji, mpaka mwenzangu kazini akanionyesha daktari wa kuonana naye kwa video, nikaongea naye nikiwa nimekaa jikoni kwangu na kofia ya baridi kichwani, akanisikiliza bila kunicheka, akanituma nikapimwe damu, kisha akaniandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujidunga kila wiki. Namshukuru Mungu na namshukuru huyo daktari, kwa sababu imefanya kazi, presha imeshuka, magoti yametulia, na juzi nimeinama nikafunga kamba za buti bila kukata pumzi.

Shida ni kwamba dawa huletwa mlangoni, na baridi ya huku ikiikuta hapo inaganda, na ikiganda imeharibika, nami mchana siko. Kwa hiyo nikamwomba jirani wa chini, mama wa Kikongo tunayesali naye kanisa moja, nimwite Perpétue, au Mama Ntwali kwa jina la mwanawe, awe ananipokelea na kuiweka kwenye friji yake. Akaniuliza, "Ni dawa ya nini, mudogo wangu?" Nami niliona haya, niliogopa akina mama waseme mtu wa kutunza wagonjwa ameshindwa na mdomo wake mwenyewe, nikamjibu, "Ni dawa tu, Mama Ntwali. Wewe niombee." Unajua Wakenya tunavyosema niombee, ni kama kuagana.

Kumbe yeye alianza kuniombea kweli, na kadiri nilivyokonda ndivyo alivyozidi, akawaambia akina mama kwamba nina ugonjwa nisiotaka kuutaja, na sasa naletewa sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, ndizi, supu ya kuku, mama mmoja ameendesha gari kutoka mji wa Savage kwenye barafu kuniletea uji, na chakula chenyewe hakipiti kwa sababu ya dawa, najilazimisha kwa heshima halafu natapika, nao wakiniona natapika wanalia. Nami nimelia, mshauri, maana tangu nije Amerika sijawahi kupendwa hivi.

Lakini Perpétue anafunga mchana kutwa kwa ajili yangu, na yeye ana sukari. Wiki hii alizimia kazini akaletwa nyumbani. Nilipomsihi ale alinishika mkono akasema, "Usiogope, Mungu iko. Nitakula siku utapona." Jumapili pasta ataniita mbele niombewe. Rafiki yangu Stacy ananiambia, "Wacha wakuombee, then useme umepona, kila mtu ata-relax." Nikisema ukweli nitampoteza Perpétue, na nikinyamaza naogopa atapotea kabisa. Nifanye nini?

Makena (si jina langu), Brooklyn Center

*

Makena, kwanza hongera. Presha kushuka si jambo dogo, na kumwona daktari kwa video hakuna aibu yoyote. Una haki ya kufurahi.

Sasa nikugombeze. Kazi yako ni kutunza watu, kwa hiyo unajua vizuri kinachompata mwenye sukari akimeza dawa zake bila kula. Ulikaa karibu naye akiwa ametoka kuzimia, ukamsihi ale, na maneno ambayo yangemfanya ale ukayaficha. Halafu ukachukua muda kuniandikia mimi!

Stacy mwambie asante, ila hapana. Ukisimama mbele ya kanisa ukajidai umepona, mama mwingine mwenye ugonjwa wa kweli ataacha dawa zake ili apone kama wewe. Utamjibu nini?

Unaogopa kumpoteza Perpétue. Huenda akakasirika, tena sana, na ana haki. Mtu aliyekaa na njaa kwa ajili yako anastahili kukukasirikia akiwa ameshiba. Mwambie wazi kwamba dawa ni ya kupunguza uzito, kwamba uliona haya, na kwamba ulimwacha aamini jambo lisilokuwepo. Usianze na visingizio vya theluji na shifti. Mshukuru, kisha kaa naye mpaka ale, na asifunge tena kabla ya kuongea na daktari wake.

Pasta mpigie simu wewe mwenyewe, asisikie kwa watu. Akina mama nao waambie, na yule wa Savage umwendee kwake na shukrani mkononi. Wengine watanuna. Na wawili watatu, utaona, watakuvuta pembeni wakuulize jina la huyo daktari wako.

Daktari naye umwambie kuhusu kutapika. Anakuona uso tu kwenye simu, sahani haioni. Huenda dozi ikahitaji kurekebishwa, na hilo ni la kuamuliwa na yeye, si wewe na supu ya kuku.

Umependwa, Makena. Wengi wananiandikia kutoka mji huohuo wakilia kwamba hakuna anayejua kama wako hai. Basi usingoje Jumapili. Acha kusoma hapa, shuka kwa jirani yako, ubishe hodi. Bado hajala.