Madishi ya Mashuuru

Kitengela,
Jumatano

Kwako Mama Imani,

Nakusalimu wewe na watoto, na kabla sijafika mbali niambie, kikohozi cha Imani kiliisha ama bado kinamsumbua asubuhi? Na Mama, magoti yanamruhusu kufika kanisani? Mimi mwili uko sawa. Nakula vizuri. Usingizi ndio umenikataa wiki hii, na utaona kwa nini.

Utajiuliza barua ni ya nini na simu ziko. Simu ya nyumbani inakaa dukani kwa kaka yako, na kaka yako nampenda, lakini akisikia jambo, soko lote linalijua kabla hajafunga duka. Hili si la soko. Ndio maana nampa shemasi aje nayo Jumapili.

Unakumbuka vile nilikuja Krismasi nikiwa mdomo tu, nikisifu kampuni yetu. Na haikuwa uongo. Zamani dishi la televisheni lilikuwa la hoteli na la wenye mageti. Hiyo kampuni kubwa ya zamani ilikuwa imelala, haina wa kushindana nayo. Sisi tukaingia na dishi dogo na bei ya chini, tukamletea mtu wa kawaida mpira wa Uingereza sebuleni kwake. Kitengela ikashikwa na wazimu. Kila ploti, kila kinyozi, kila butchery. Nilishinda juu ya mabati mpaka shingo ikababuka. Wale wakubwa wakaamka, wakashusha bei. Sisi tukashusha tena. Watu wakafurahi na mimi nikafurahi, mjinga mimi, sikujiuliza mtu anayeshusha bei kila mwezi yeye mwenyewe anakula nini.

Sasa nikuambie juu ya Mzee Ole Sankei wa Mashuuru. Mwaka jana nilimwekea dishi bomani, juu ya mti tuliouzungushia miiba ili mbuzi wasipande. Picha ilipokuja alisimama akiegemea fimbo, akatazama mpira wote mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Nyasi yote hiyo, na hakuna hata ng'ombe mmoja?" Nilicheka, yeye hakucheka. Nikiondoka akanipa kondoo. Nikadhani ni asante tu. Nikamfunga kwa pikipiki, tukamla na mafundi wenzangu, hata supu haikubaki.

Kesho yake Lemayian, fundi mwenzangu ambaye amezaliwa huko, akanicheka karibu aanguke. Kumbe Mmaasai akikupa kondoo, majina yenu yameisha. Yeye atakuita Paker na wewe utamwita Paker, mpaka mmoja azikwe. Ni undugu. "Na Paker hadanganywi," akaniambia. "Ungeuliza kabla ya kula." Tangu siku hiyo mzee hajawahi kuniita Wycliffe. Akipiga simu ni "Paker, Supa," namjibu "Ipa," ndiyo salamu yao, kisha tunaulizana habari za mvua na za watoto. Hata wewe anakuulizia. Mama Imani, katika huu mji ambao kila mtu anauliza umetoka wapi, mzee huyo ndiye mtu wangu.

Shida ilianza polepole. Kwanza chaneli ya katuni ilipotea, ikabaki rangi ya bluu na maandishi kwamba itarudi hivi karibuni. Halafu ya habari. Dekoda mpya zikaacha kuja, zikaanza kuletwa kuukuu, nyingine na mende ndani. Namba ya wateja inakuimbia muziki mpaka kredo inaisha. Wiki iliyopita nikaenda ofisini Nairobi, nikamkuta injinia anabeba kiti chake akipeleka kwa gari. Nikamuuliza, akasema anahama ofisi tu. Nilimfuata mpaka kwa geti, ndipo akasema ukweli. Matajiri wa ng'ambo walioweka pesa kwa kampuni wamefunga mkono, mpira wa msimu ujao haujalipiwa, na wakati wowote mtambo utazimwa. "Usinitaje," akasema.

Mchana huo huo bosi akatuita maajenti wote, akatununulia soda, akatuambia tuongeze wateja mara mbili. Ajenti wa Magadi akauliza, na chaneli zilizopotea? Bosi akatabasamu. "Wewe leta wateja, chaneli niachie mimi." Hapo nikaelewa. Wanatafuta mnunuzi, na wanataka kumwonyesha wateja wengi. Tunanenepesha ng'ombe wa mnada.

Jumapili mzee akapiga simu. Vijana wamehama na ng'ombe kutafuta nyasi, maboma yamebaki na wazee, akina mama na watoto. Amezungumza na wazee wa rika lake, na wote wanataka dishi. Leo hii, Jumatano, wanapeleka mbuzi mnadani wapate pesa ya madishi. "Waliniuliza kampuni hii nani anaijua," akasema. "Nikawaambia mimi siijui, lakini Paker namjua. Njoo Jumamosi."

Nikasema, "Sawa, Paker." Nilikuwa najua kila kitu, na nikasema sawa. Nimeshika simu mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara nairudisha mfukoni.

Madishi yamepangwa hapa nyuma ya mlango. Lemayian ameacha kazi, ameingia kichinjioni. Na mwenye butchery niliyemwekea dishi, ambaye alikuwa ananiongezea mifupa, jana hakuniongezea kitu, aliniuliza naishi ploti gani.

Kwa hivyo ile barua ya kuacha kazi usimpe mwalimu mkuu. Kama umeshampa, iombe irudi. Nilikuita kwa furaha uhamie huku na watoto, na sasa nakuzuia, nisamehe. Jumamosi nitaenda Mashuuru mikono mitupu niseme ukweli kwa mdomo wangu.

Msalimie Mama, na shemeji yangu wa duka bila kumpa maneno, na senge, yule shangazi aliyenishonea sweta, mwambie baridi ya hapa inaliheshimu. Imani na mdogo wake uwabusu.

Jumamosi jioni

Nimefungua bahasha tena. Nimetoka huko sasa hivi.

Walikuwa wamekaa wananingoja, mashimo ya milingoti wameshachimba. Nikasema yote, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja akauliza nilijua lini. Nikasema kabla ya Jumapili. Wakamgeukia Ole Sankei, wote, wakamwangalia. Yeye akaniuliza tu kama lake nalo litazima. Nikasema ndiyo, na sijui siku. Mbuzi walikuwa wameshauzwa.

Alinisindikiza mpaka kwa pikipiki, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Nisamehe, Paker." Akaangalia barabara.

"Nenda kabla giza halijaingia, Wycliffe," akasema.

Shemasi ananingoja kwa mlango. Baki kwa darasa lako, mama, mpaka nikuambie.

Mume wako,
Baba Imani