Watoto Hawatajwi Hesabu

Jumatatu 7/7
Natwanga pondu, majani ya muhogo. Mutu anaingia kwa parcelle yetu, uwanja wa nyumba, kofia kichwani, kalamu kwa sikio. Wa ofisi ya shule, anasema. Wanataka kujenga shule mupya huku kwetu, sababu ile ya barabarani imejaa mpaka watoto wanakaa chini. Vizuri sana. Alafu anauliza: "Mama, uko na watoto wangapi?"

Nikasema moja.

Akaangalia watoto wangu wanavyokimbizana. "Na hawa ni mbuzi?"

"Ni wa majirani."

Uongo. Wote wangu. Lakini mama yangu, kule Isangi kando ya mto, alinifunza: mama hataji hesabu ya watoto wake kwa kinywa. Kifo kinasikia. Dada yangu alijivuna kanisani na saba wake. Mwaka ule ule surua ikaingia kwake. Mimi sitaki kujaribu.

Jumamosi 12/7
Salongo, kazi ya wote, kwa kiwanja cha shule. Wanaume wanafyeka, sisi tunabeba mchanga. Mama Kahindo, jirani yangu, mutu wa Butembo, muuzaji wa maharagwe, akaniuliza nilijibu nini kwa yule wa kofia. Nikamwambia. Akacheka mpaka beseni ikamwaga mchanga. "Moja! Na ule musururu unaokunywa uji kwako asubuhi?" Yeye alisema sita, wazi wazi. Nikamwombea moyoni. Lakini wengine wa avenue yetu, watu wa mto kama mimi: moja, moja, moja. Nikasikia salama.

Riziki, mutoto wangu, ndiye ataanza shule mwaka huu. Kila siku anafundisha bata wangu alfabeti. Anawachapa pia.

Alhamisi 28/8
Nimetoka kuandikisha Riziki. Hapana nafasi.

Shule imeisha kujengwa. Vyumba viwili. Viwili! Tulisikia vitakuwa sita. Directeur, mkuu wa shule, anasema première, darasa la kwanza, imejaa tangu jana. Kwa nini viwili? "Mama, ofisi ilipanga kufuatana na watoto. Kwa avenue yenu ni kama mutoto moja kwa kila nyumba. Mabati mengine yalienda quartier nyingine."

Nyuma yangu bamama wamesimama, watoto mkononi, mgongoni, wengine wameshika kikwembe, kitenge cha mama. Tukaangaliana. Ni sisi. Ni sisi wenyewe.

Ijumaa 29/8
Bado sijaamini. Papa Dieumerci, mume wangu, alicheka kwanza. Alafu kicheko kikakatika. "Mulificha watoto kama mafuta ya magendo." Afadhali angenitukana.

Jumatatu 1/9
Rentrée, shule zimefunguliwa. Riziki alivaa blouse yake nyeupe na jupe ya bleu, sare ya shule. Nilishindwa kumkataza. Alisimama nje, kwa dirisha la darasa, mpaka wenzake walipotoka. Alikuwa anaitikia pamoja nao.

Hasira. Juu yangu mwenyewe. Juu ya mama yangu pia, Mungu anisamehe.

Jumatano 3/9
Directeur alimwita tena yule wa kofia. Tukakusanyika kiwanjani. Anasema anaweza kuomba madarasa ya mchana na walimu. Lakini safari hii kila mama aseme mwenyewe, na aseme kweli.

Bamama wakafunga kikwembe upya, wakaangalia chini.

Mama Kahindo akapiga makofi. "Bamama! Kwa soko munakata bei ya samaki mpaka muuzaji analia. Leo vinywa vimeenda wapi?"

Nikasema. Sijui nani alinisukuma. "Niko na tano."

Sauti yangu ilinishtua kama ya mutu mwingine. Alafu mama mwingine: saba. Nne. Nane. Yule mwanaume akavua kofia. "Hawa wote mulikuwa munaficha wapi, ndani ya sufuria?" Watu wakacheka. Mimi hapana.

Ijumaa 5/9
Riziki iko moto. Moto sana. Anatapika. Nilijua. Nilijua! Kinywa changu hiki.

Jumamosi 6/9
Kituo cha afya wamesema malaria. Wamempa dawa. Papa Dieumerci anasema mbu haijui hesabu. Masikio yangu yanakubali. Tumbo langu linakataa. Sijala. Wale wengine wanne sitaki watoke nje. Namgusa kila mutu paji la uso mpaka wananikimbia.

Jumanne 9/9
Ameomba ndizi. Ameimaliza. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia.

Alhamisi 18/9
Darasa la mchana limeanza, ndani ya chapelle, kanisa ndogo. Mabati mapya yatakuja siku yatakapokuja. Riziki amebeba kibidon, kidumu tupu cha kukalia.

Mwalimu alisimama mbele yao, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu kwa sauti. Mutoto kwa mutoto. Mimi mlangoni. Nilitaka kuingia nimfunike na kikwembe yangu. Kidole kikafika kwa Riziki. Akanyoosha mgongo, akatabasamu.

Kidole kikapita, kikaenda kwa wa pembeni.

Nikarudi nyumbani polepole.