Nta Niliyoipaka kwenye Mshipi wa Mjomba

Chumba cha Ushonaji,
Mlango wa pili baada ya kinyozi,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Wodini bado wanakupanga zamu mbili mfululizo? Watoto huku wanasema Shangazi halali, anasinzia tu akiwa amesimama. Mimi na wifi yako hatujambo. Mkanda wa cherehani ya zamani ulikatika, nikaufunga kwa ngozi ya kiatu, na mashine inaenda, ingawa inapiga kelele kama inayodai haki zake.

Umezoea kunisikia kwenye simu, na bila shaka unajiuliza mwenye domo kama mimi amepatwa na nini hata akashika kalamu. Kwenye simu ningekudanganya tena, Dada. Ningeanza mzaha, mzaha ukiisha ningesingizia mtandao. Karatasi hainipi nafasi hiyo.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikwambia mkono wa Mjomba ulishindwa kule pwani tulikokwenda kuvua. Si kweli. Niliyeshindwa ni mimi, nikaona haya kusema, nikauacha mkono wake ubebe lawama. Sasa barua yako imenifikia, unasema huenda ni wewe uliyemharakisha na yale mazoezi ya bega, na kwamba hukupata usingizi. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mteja ananisubiri, na sikuwa na pa kuuweka uso.

Uliponiomba nimchagulie Mjomba vifaa vyepesi vya kuvulia, nilivimba kichwa. Mzee aliyetulea sisi wawili, aliyechomelea mageti miaka arobaini hata mtaa mzima ukamwita Cheche, halafu akaanguka na ngazi na bega likaharibika, leo anategemea macho yangu kuchagua. Nilikujibu uniachie mimi. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho kushika ndoana nilikuwa na miaka tisa, na nilijinasa sikio.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilimpima Mjomba. Nilichukua utepe nikampima kutoka begani hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo, na mzunguko wa kiganja akiwa amekunja ngumi, kama ninayemshonea koti. Akaniuliza kama samaki wa huko wanataka aje na suti. Nikamwambia anyamaze asiharibu vipimo.

Muuza vifaa vya uvuvi, yule mwenye duka jembamba karibu na kituo cha mafuta, alikisoma kile kikaratasi mara mbili. Alisema ameuza fimbo za kuvulia kwa kila aina ya mtu, ila hajawahi kuletewa mkono kwa inchi. Lakini hakunicheka kwa ubaya. Alikitumia kweli. Alichukua fimbo moja moja akapima mpini wake na ule urefu wa kiwiko hadi kifundo, akasema mpini ukizidi hapo utamgonga mbavuni kila akirusha, na ukipungua sana kifundo ndicho kitakachobeba kazi yote.

Nilimpenda yule bwana, Dada, na hilo ndilo linaloniuma. Alinieleza kwa saa nzima. Tukachagua fimbo ya futi saba, nyepesi hata nikiiweka kwenye kidole haisumbui, inayopinda nchani na kukaza chini. Akanionyesha maandishi yaliyo juu ya mpini yanayotaja uzito wa kurusha, akasema mtu akifunga kitu kizito kuliko hapo anavunja fimbo, na akifunga chepesi mno bega ndilo linalolazimika kusukuma. Tukachukua rili ndogo ya kukunjia mshipi, isiyoogopa chumvi. Tukachukua samaki wa bandia sita, wadogo kama kidole, kwa ajili ya maji mafupi karibu na mikoko. Kila kitu kiliendana na kingine. Kwa kweli alichagua yeye, mimi nilikuwa natikisa kichwa tu.

Mwisho akafunga mshipi kwenye rili. Mshipi wa kusukwa, mwembamba kuliko uzi ninaoshonea matundu ya vifungo. Nikamwuliza kama huo ndio utakaomvuta samaki mkubwa kama kolekole. Akasema unatosha na kubaki, mradi ubaki mkavu na safi uteleze kwenye pete za fimbo. Nikaitikia. Moyoni sikumwamini hata kidogo.

Unajua tabia yangu ya nyuzi. Uzi mwembamba siuamini mpaka niupitishe kwenye nta. Vifungo vyote vya sare zako za kwanza za unesi nilivishona kwa uzi wa nta, na ulisema nguo zilichakaa vifungo vikabaki. Basi siku moja kabla ya safari nilifunga mlango wa chumba cha ushonaji, nikaufungua mshipi wote kutoka kwenye rili, nikaupitisha juu ya donge la nta pima kwa pima, nikaukunja tena. Ulinyooka, ukang'aa, nikajisifu. Mjomba alipokuja kuchukua vitu vyake nikamwambia mshipi huu hata papa hataukata. Sikumwambia kwa nini. Nilitaka iwe siri ya fundi.

Njia nzima nilimpigia domo. Habari za mpini, za pete, za uzito, zote nilizozisikia dukani nikazitoa kana kwamba nimezizaa mimi. Mjomba alikuwa anasikiliza na kutabasamu, na ule mkono alikuwa anaukunja na kuunyosha juu ya goti, ukunje, unyooshe, kama ulivyomfundisha. Miezi saba, Dada. Ule ukuta wa chumbani kwake ulikuwa umejaa alama za chaki, kila wiki anasimama upande, anapandisha vidole, anachora mstari pale vilipofika. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kiuno. Wa mwisho kabla ya safari ulipita kichwa chake.

Tulifika majini jua likiwa limeshapanda. Palikuwa na watu wengine wanne juu ya mawe, wanarusha, wanacheka. Mjomba akajipanga, akauleta mkono nyuma vizuri kabisa, akarusha. Samaki wa bandia akaanguka hatua tatu mbele yake. Akarusha tena, hatua mbili. Mara ya tatu akakaza meno akatumia bega lote, yule samaki akarudi na kumgonga kwenye paja. Mmoja wa wale watu akageuza uso asionekane anacheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Mjomba aliiweka fimbo chini taratibu, akajishika bega. Nikaiokota mimi. Nilipougusa mshipi tu nikajua. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, mizunguko imegandana kama peremende mfukoni, na mchanga umeshika juu yake. Usingetoka kwenye ile rili hata kama angerusha kijana wa miaka ishirini.

Akasema, "Mkono umekwisha, mwanangu. Nilikuwa najidanganya."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Nami, mbele ya wale watu wanne nisiowajua wala wasionijua, nikasema, "Pole, Mjomba. Miaka nayo inakwenda."

Nimeandika maneno hayo hapo juu ili nawe uyaone. Nimeyasikia kichwani kila siku tangu siku ile, na kila siku sauti ni yangu.

Tulirudi siku mbili kabla ya wakati. Ulipopiga simu nikakupa hadithi ya bega, na wewe ukalia, na mimi nikakubembeleza. Sijui ni mtu wa aina gani anayefanya hivyo. Wifi yako alikuwa ananitazama kwa sababu nilikuwa sili, nikamwambia ni tumbo.

Jumanne iliyopita nilimpelekea Mjomba suruali niliyompunguzia. Nilikuta yuko na ndoo ya maji na kitambaa. Alikuwa ameufuta ule ukuta wote, ilibaki mistari miwili ya juu ambayo hakuifikia, au alichoka. Kinyago chake cha kuchomelea na zile koleo kubwa ameshampa fundi wa jirani. Akaniambia, bila huzuni, kana kwamba anasoma orodha, kwamba mazoezi ameacha, ni kumsumbua nesi wa watu bure. Nesi wa watu ni wewe.

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwambia yote. Nta, mchanga, na ule uongo wangu wa miaka inakwenda. Nilidhani atanifokea, na ningefurahi anifokee. Akakausha mikono, akachukua fimbo nyuma ya mlango, akasema twende.

Dukani, yule bwana aliupitisha mshipi kati ya vidole viwili akauliza, "Nani ameupaka huu?" Mjomba akanitazama. Nikasema ni mimi. Yule bwana akakata mshipi wote akautupa, akafunga mwingine. Akakumbuka kwamba ni mimi niliyemletea mkono kwa inchi. Ningependa angesahau.

Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Mjomba alifunga kipande kidogo cha risasi cha kutia uzito, bila ndoana, akasimama kwenye mstari wa goli. Mara ya kwanza alirusha kwa woga. Mara ya pili mshipi ulitoka kwenye rili kwa mlio mdogo, ukaenda, ukaenda, risasi ikaangukia karibu na duara la katikati. Akakunja polepole. Akarusha tena, ikafika palepale. Sikuthubutu kupiga makofi. Bega lake lilikuwa linafanya kazi, Dada. Mazoezi yako yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Naomba ulale.

Alirusha mara kumi na moja. Kisha akakunja mshipi, akaniuliza bila kunitazama, "Usingenikuta nafuta ukuta, ungeniambia lini?"

Nikasema, "Ningekuambia tu, Mjomba."

"Sikuuliza kama ungeniambia. Nimeuliza lini."

Akaning'iniza fimbo begani, lile bega bovu, akaenda zake. Kinyago amekichukua tena kwa yule fundi wa jirani, na nasikia yuko mbioni kwenda pwani mwezi ujao na yule muuza vifaa. Mimi sikualikwa, wala sikuuliza.

Leo ni siku ya tano. Nakata vitambaa, naharibu vitambaa. Jibu ninalo tangu siku ileile, lilikuwa mdomoni nikalimeza. Nisingemwambia. Ningemwacha azeeke akiamini mkono wake umekufa, ningemshonea mashati mapana yasiyombana bega, na watu wangenisifu kwa kumjali mzee. Hilo ndilo jibu, na sikupata lingine lililo zuri kuliko hilo.

Najua ukimaliza kusoma utachukua simu kunitetea kwake, kama ulivyofanya nilipovunja taa ya kwake, na nilipotoroka shule, na mara nyingine zote. Safari hii usinitetee. Kesho asubuhi, kabla sijafungua kazi, nitakwenda kumpa jibu lake mlangoni kwake. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate tena pa kujificha.

Nisalimie shemeji, na mwambie koti lake liko tayari, halina hila ndani. Wabusu wapwa wangu wote watatu, hasa yule anayependa kuuliza maswali. Wifi yako anakusalimu, na watoto, na kinyozi wa jirani anayedai bado unamkumbuka. Mungu akulinde katika zamu zako, akupe usingizi ambao mimi nilikunyima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Fundi wenu.