Jawabu la Pole

Malindi, Unguja
8 Novemba, 1956

Mpendwa shemeji yangu Abrahman,

Assalaam aleikum. Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko Uingereza isikuingie kifuani kama mwaka jana. Sisi miili yetu haijambo. Mama yenu, Bi Mwanamwema, yuko Mkokotoni. Anakula kidogo, anaswali, analala mapema.

Telegramu yako ya rambirambi ilifika. Kaka yako Muhiddin hakuteseka sana. Homa ilimshika naye akaendelea kufundisha Kiingereza chake cha jioni, amejifunika shuka, mpaka sauti ikamkatika. Tumemzika Mkokotoni, ubavuni mwa baba yenu.

Mimi nimo edani, sitoki. Chumba cha mbele alichokuwa akisomeshea kimefungwa. Ikiingia magharibi masikio yangu bado yanawangoja wanafunzi. Unamkumbuka Kificho, karani wa bandarini? Alikuwa akiingia na kusema “good night”, na Muhiddin humjibu, “Haya, Kificho, ulale salama,” akamfungia mlango. Wenzake hucheka, nami huku jikoni nacheka nao. Kisha humfungulia na kumweleza kwamba kwa Wazungu hilo ni neno la kuagana.

Na lile la kuazima ndilo lililowasumbua zaidi. Kwetu anayetoa huazima na anayepokea huazima. Kwao kila mmoja ana neno lake. Shemsa wetu aliyajua hayo kabla hajafika kimo cha dirisha, kwa kukaa tu mkekani kwa baba yake.

Habari ya Shemsa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Aliitwa kuulizwa maswali kwa Kiingereza, ili achukuliwe kusomea ualimu. Siku yenyewe ikaangukia mara tu baada ya arobaini. Nilitaka asiende, akasema baba yake angetaka. Jirani yetu Bi Sichana akampeleka.

Alijibu vizuri, hata hayo ya kuazima. Mwishoni bibi wa Kizungu aliyekuwa akimuuliza akatazama karatasi, akaona kuwa mtoto kafiwa na baba. Akaweka kalamu chini, akampa pole kwa upole kabisa.

Unajua sisi tulivyo, shemeji. Mtu akikwambia pole unajibu umeshapoa, hata kama hujapoa, na hapo kila mmoja anapata kupumua. Shemsa akalitafuta jawabu kwa Kiingereza asilione. Yule bibi anangoja, naye kasimama. Machozi yakamtoka, akaondoka bila ya kuaga.

Alipofika nyumbani alikaa chini miguuni pangu na buibui lake mwilini. Akaniambia, “Mama, kila alilosema nnalijua. Jawabu lake silijui. Baba hakunifundisha.”

Tangu siku hiyo Kiingereza hakisemi. Vitabu amevitia uvunguni. Bi Sichana ameletewa habari kwamba yule bibi hakukasirika, na kwamba Shemsa atapokelewa tena kabla ya shule kufungwa. Mwenyewe hataki. Anasema atamwaibisha baba yake mara ya pili. Nimembembeleza nimechoka, na asipokwenda safari hii nafasi itapewa mwengine.

Wewe umekaa huko siku nyingi, na msiba huu umekukuta huko huko. Bila shaka walikuja watu wakakupa pole. Mwandikie Shemsa uliwajibu nini. Mwandikie wewe, ami yake, kwa Kiingereza, upesi. Na kama huko hakuna jawabu, na watu hunyamaza tu wakalia, basi mwandikie hivyo hivyo, ajue kuwa hakukosea.

Bi Sichana anakusalimu. Kificho naye alipita kuniulizia hali mlangoni, akasema nikusalimu. Mama yenu anakuombea usiku na mchana. Mola akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Nasi utukumbuke katika dua zako.

Ni mimi shemeji yako mwenye mapenzi nawe,
Mwanakheir