Uzi wa Feza

Jumanne

Krr, krr. Mkasi unautafuna uzi wa njano bila kuukata. Mlio huo haujanitoka masikioni tangu asubuhi. Uzi huo, wa kufumia fulana za kuzuia risasi, ni wa Feza, mwalimu mwenzangu wa kemia. Alitumiwa na mjomba wake aliye Ubelgiji. Mimi nina chaki tu.

Aliwapanga wanafunzi mstari, mikono imenyooka hadi mabegani mwa wenzao wa mbele. Ndivyo zilivyo molekuli za uzi ule: pete zake za kaboni zimeungana kwa pande zinazotazamana, mnyororo unanyooka, na minyororo jirani inalala sambamba, inashikana sana. Kisha akawapinda wengine kona kona. Hao walikuwa uzi wa aina nyingine, wa kona: hawapangiki vizuri, kwa hiyo uzi wao una nguvu kidogo.

"Mwalimu, mimi njo nimepinda!" alipiga kelele Mwamba, mmoja wa waliopindwa, na darasa zima likacheka. Kwangu hawacheki kamwe.

Halafu Feza akasema uzi wa kona huyeyuka motoni. Si kweli! Nao una pete zile zile, na ndizo zinazoufanya uvumilie joto. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilinyamaza, na nilifurahi.

Kesho atalirudia somo mbele ya inspekta, anayetafuta mmoja wetu wa kupeleka chuo kikuu Lubumbashi. Mmoja tu. Nafasi hiyo naitaka mno hata...

Jioni nilikwenda kwake, nikamweleza kosa lake.

"Aksanti, dada!" akanikumbatia. "Ungenyamaza, kesho ningepata haya."

Sikumwambia nilivyokaribia kunyamaza.