Hii Njo Nini?

Jumapili, Kindu. Mvua ilianza alfajiri, imeacha mchana, na uani ni matope matupu. Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo nitampiga mtu.

Alhamisi Mwalimu Radjabu, ninayefanya naye kazi, alikuwa kwenye pikipiki akipeleka sanduku langu kwenye shule moja ya njia ya Punia. Wenye bunduki walikuwa wamefunga kamba katikati ya barabara. Wakamshusha, wakafungua sanduku, wakakuta waya, betri na antena. Mmoja akasoma maneno niliyoyaandika juu ya kifuniko kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: MAWASILIANO KINDU–PUNIA.

Waliuweka mkono wake wa kulia ukingoni mwa sanduku, wakakipiga kifuniko kwa buti. Mara nne, anasema, ila baada ya ile ya tatu hana hakika.

Jana nilimkuta hospitali, vidole vimevimba mpaka huwezi kutofautisha kimoja na kingine. "Dada, walikuwa wanauliza tu, unasema na nani kule? Nikawaambia njo kitu ya masomo, ya batoto. Hawakusikia." Kisha akaniomba msamaha kwamba kifuniko kimepasuka. Sanduku walimwachia, lilikuwa chini ya kitanda chake, nikalibeba nyumbani.

Mwaka mzima nimekuwa nikilitengeneza sanduku hilo. Sikutaka mtoto wa msituni asikilize somo redioni na kunyamaza. Nilitaka ashike. Kwa hiyo masanduku ni mawili, moja hapa na moja kule, na kila moja lina nusu ya somo. Watoto wa Kindu wanazungusha mpini wa sumaku ndani ya waya wa mizunguko mia, wale wa njia ya Punia mizunguko mia mbili. Kila upande unapima taa yake, unawasomea wenzao namba kwa redio, na hakuna anayemaliza hesabu bila mwenzake. Ni jepesi, mtu analibeba mgongoni. Nilijivuna nalo. Nikaandika MAWASILIANO kwa herufi kubwa, mjinga mimi.

Mimi, kati ya watu wote wa mji huu, nilipaswa kujua.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka tisa. Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa fizikia. Shule zilifungwa, treni haikuja, chumvi tuliipima kwa kijiko. Papa akazungushia waya kwenye chupa, akafunga antena kwenye mpapai, akapata redio ndogo isiyotaka betri, ili wanafunzi wake waje kwa zamu kuishika na kuelewa inavyofanya kazi. Nyumbani tuliiita fonie, kwa utani. Fonie ya kweli ni ile redio ya kutuma sauti mbali, na siku zile kukutwa nayo kulikuwa kifo.

Wenye bunduki walikuja mchana, wakipekua nyumba kwa nyumba. Mmoja akaiinua ile chupa.

"Hii njo nini?"

Papa alianza kueleza kwa Kifaransa, taratibu, kama yuko darasani. Mimi nilikuwa nyuma ya mguu wake, najivunia papa wangu. Nikajibu kabla hajamaliza.

"Njo fonie ya papa."

Walimvunja mikono kwanza, kwa kitako cha bunduki, juu ya jiwe la mama la kufulia. Walikuwa wanamuuliza anasema na nani. Hakuwa anasema na mtu. Ile chupa ilikuwa inasikia tu. Halafu wakaenda kwenye kichwa. Damu iliingia kwenye beseni la nguo, na nguo zilikuwa zangu. Alikufa kabla ya magharibi.

Sijawahi kumwambia mtu nani alilisema lile neno. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Asubuhi, barazani, nilisugua kifuniko kwa sabuni na damu ya Radjabu haikutoka kwenye mbao. Nikachukua nyundo. Pigo la kwanza liliondoa kona. Nikainua tena, na nilitamani kuvunja, nilikuwa naona uso wa mtu pale. Mama akatoka jikoni, akaliangalia sanduku.

"Hii njo nini?"

Mwaka mzima hakuwahi kuuliza.

Nilimwambia yote, nikilia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Mama alinisikiliza amesimama. Alisema, "Najua. Nilikuwa mulangoni." Akaokota ile kona ya mbao. "Mimi njo nilikufundisha ile jina. Nilikuwa namuchokoza papa yako, bwana wa fonie, bwana wa fonie. Weye ungelitoa wapi?"

Miaka yote hii tumekula sahani moja, kila mmoja akidhani aliyemuua ni yeye peke yake.

Kifuniko cha mbao nimekitupa. Nimeweka plastiki ngumu, unaona kila kitu cha ndani, na antena iko juu mbele ya macho. Hakuna maandishi. Kamba ile bado iko barabarani, lakini watoto wa kule wanangoja sanduku lao, na wetu hawamalizi hesabu bila wao. Jumanne nalipeleka mwenyewe. Sitampa mtu mwingine alijibie sanduku langu.

Alasiri tukafanya mazoezi. Mama alikuwa mwenye bunduki, mchi begani, kitambaa amekifunga usoni. Anauliza, mimi najibu. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili. Mara ya pili nilianza kwa Kifaransa, akanipiga kwa mchi pajani, kwa nguvu kweli, alama iko. "Unasema na nani?" Akanipiga tena. Nilimchukia. Nadhani alitaka nimchukie, nizoee.

Mara ya sita sikueleza kitu. Nilikifungua kifuniko, nikamgeuzia mpini.

"Njo masomo. Shika, zungusha."

Aliweka mchi chini. Akazungusha kwa mikono miwili, taa ikawaka, akaendelea kuzungusha, machozi yanamtoka na hayafuti.

Kisha akasogea pembeni.

"Pita," akasema.