Nitapishana Wapi na Mkwe Wangu Kwenye Vichochoro vya Unguja?

Mama Donatus wa gazetini, mimi ni Mama Violeth wa hapa Kishapu, naomba unisaidie lakini unijibu kama mtu mzima, siyo kama ulivyomjibu yule wa wiki iliyopita aliyefumaniwa, ulimbembeleza mno, alitakiwa asemwe. Mimi niliishia darasa la nne la zamani, mwandiko unyooke usinyooke utausoma hivyo hivyo.

Mwanangu Violeth ameolewa Kahama na kijana anaitwa Swaleh, anauza mchele wa jumla, asili yao Unguja, na sina ubaya naye hata kidogo, huyo ndiye aliyeniezekea nyumba kwa bati, na kila Jumapili ananipigia simu tunaongea mpaka sikio linapata moto, maana simu haina macho. Shida ni macho. Sisi Wasukuma, mimi nilivyolelewa, mama mkwe na mkwe wa kiume hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anakaa pembeni mwenzake apite, hiyo ndiyo heshima yenyewe, kwa hiyo hata akija hapa nikisikia gari lake nazunguka nyuma ya ghala.

Sasa Swaleh amepanga kutupeleka Mji Mkongwe, mimi na Violeth na yeye, tuondoke Alhamisi ijayo, turudi Jumatatu. Nilifurahi mpaka nikaogopa majirani wasinione, maana maisha yangu yote nikinyanyua macho naona pamba na ng'ombe na vumbi la ng'ombe, nataka na mimi nione maji yasiyo na ng'ambo, na ile ngome, na majumba ya mawe yenye milango ya misumari anayonisimuliaga. Halafu Violeth akanionyesha picha. Mama Donatus, zile ni njia au nyufa? Ukuta huku, ukuta huku, watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane kama karatasi. Huku nikimwona mkwe kwa mbali naingia shamba la pamba la mtu yeyote, kule nitaingia wapi, ukutani? Na nyumba waliyokodi ina ngazi moja na bafu moja, na chakula kinawekwa kwenye sinia watu wanazunguka. Nikamuuliza Violeth, mkwe aone ninavyotafuna? Akacheka, akasema siku hizi hayo mambo hayapo. Hayapo kwa nani?

Juzi Swaleh akaja mwenyewe. Niko nyuma ya ghala, namsikia amesimama uani anapaza sauti, "Mama, nimekuja mwenyewe kukualika, usije ukasema nimemtuma Violeth." Nilibanwa nikajibu huko huko nilikojificha, "Rudi kwako, mimi siyo mtu wa kuzungushwa kwenye magofu." Wala sikujua nasema nini. Aliacha kanga na tende kwenye kigoda akaondoka, chai hakunywa. Jioni Violeth akanipigia analia: "Mama, Swaleh anasema unamchukia kwa sababu ni mtu wa pwani. Kila akija unakimbia kama umeona fisi. Usipojibu mpaka Jumatano anarudisha tiketi, na hatakusumbua tena." Jumapili simu haikulia.

Mimi kumfundisha mkwe adabu za ukwe siwezi, hiyo ni kazi ya Violeth, na kuvunja adabu yangu uzeeni kwa ajili ya kwenda kutazama maji pia siwezi. Lakini nataka kwenda, na yule kijana simtaki aninunie. Nijibu, na usinizungushe.

Mama Violeth, Kishapu

*

Mama Violeth, shikamoo. Naitanguliza kabisa ili huko mbele usiseme nimekukosea adabu.

Barua yako nimeipandisha juu ya za wenzako kwa sababu Jumatano haiko mbali. Heshima yako naijua na sitakuambia uitupe. Mama yangu hajawahi kula mbele ya mume wangu hata siku moja, na wanapendana sana. Lakini mume wangu ni Msukuma wa Maswa, akipewa mgongo na mama mkwe anajua ameheshimiwa. Swaleh wako atajuaje? Kwao mama mkwe akikupenda anakupokea mlangoni na kukulazimisha kula. Amekuezekea nyumba, na malipo yake ni kuona upindo wa kanga unapotea nyuma ya ghala. Hata mimi ningenuna.

Unasema kumweleza ni kazi ya Violeth. Violeth alilelewa na nani? Jumapili zote hizo za kuongea mpaka sikio linapata moto mliongea nini, bei ya mchele? Na hilo la magofu siyo mila ya Kisukuma iliyolisema, ni mdomo wako. Kijana amekualika kwao, wewe umekuita kwao magofu. Hilo utaliomba radhi, wala usilitafutie kichaka.

Sasa sikia. Mpigie Swaleh wewe mwenyewe. Mwambie, "Mwanangu, nikikupa mgongo ni kwa sababu kwetu mkwe ni mtu mzito. Lile neno la magofu unisamehe." Ishia hapo. Ukiendelea kueleza utaanza kumgombeza.

Kwenye basi kaa na Violeth, Swaleh akae mbele yenu atazame barabara. Kulala, mwambie akupeleke kwa shangazi zake, mtu mwenye asili ya Unguja hakosi shangazi kule. Nimefika Unguja kwenye harusi, nimekaa siku kadhaa, na nyumba niliyofikia wanawake tulikula ndani na sinia letu, wanaume nje na la kwao. Hakuna mwanamume aliyeona ninavyotafuna, na nilitafuna vizuri. Wabaki Violeth na mumewe kwenye ngazi yao moja na bafu lao moja. Wale bado vijana, na wao wanahitaji mapumziko.

Vichochoro ndivyo vimekunyima usingizi, na ndivyo vyepesi kuliko yote. Swaleh atangulie, Violeth katikati, wewe nyuma, utembee unatazama milango yako ya misumari. Ikitokea mmekutana uso kwa uso kwenye kona, angalia pembeni: nyumba nyingi za kule zina baraza ya mawe mbele ya mlango, watu hukaa hapo kutwa. Kaa. Jifunike kanga, tazama ukuta wa pili, apite. Kila mtu atajua ni bibi amechoka, na Swaleh peke yake atajua ameheshimiwa.

Chukua kitambulisho, kwenye boti ya kuvukia hawakupandishi bila hicho. Wabebee hao mashangazi michembe, viazi vyetu vikavu hawavipati kule. Vaa viatu vya chini. Jioni ukiona watu wanakula pweza, usiwaseme, hujaombwa ule.

Piga leo, usingoje Jumatano. Na ukishaomba radhi sema "nakuja" kwanza, masharti yafuate. Kwa nilivyokusoma, ukianza na masharti, Alhamisi basi litaondoka Kahama bado hujafika kwenye "nakuja".

Mama Donatus